Wauza risiva Kariakoo: stika ya waranti mmeibandika juu ya "120V" makusudi

Wakuu, salaam.

Huu si uzi wa kuomba ushauri. Nina hasira na nitaandika mpaka ziishe. Mods wakiona unafaa jukwaa la teknolojia wauhamishe, lakini kwa maoni yangu ungefaa zaidi jukwaa la uhalifu.

Nilikuwa natafuta risiva ya AV. Kwa asiyeijua, ni ile mashine inayokaa kati ya TV, king'amuzi na spika: unaichomekea vyote kwa HDMI, yenyewe inapitisha picha kwenda kwenye TV, inachambua sauti ya 5.1 (spika tano na sabufa moja) na kuisukuma kwenye kila spika mahali pake. Hiyo ndiyo niliyoitaja dukani, kwa jina. Winga alishanidaka barabarani na kunivuta mpaka ndani, "bosi mzigo wa Dubai umeingia juzi, vitu safi". Nikakaa. Nikaletewa risiva kubwa ya Kijapani, used, nzito kweli, uso wake safi. Swali langu la kwanza kabisa, kabla ya bei, lilikuwa hili: inatumia volti ngapi? Muuzaji akajibu bila kupepesa macho, "hiyo ni 220 mkuu, Dubai hiyo." Nikamwambia aiandike kwenye WhatsApp pamoja na bei. Akatuma na sauti kabisa.

Tukaijaribu. Ikawaka, taa za buluu, ikaongea vizuri. Laki saba na nusu ikatoka. Nyumbani nikaichomeka ukutani, ikanguruma kwa sekunde mbili hivi, kisha harufu ya kuungua, kisha kimya.

Nikarudi nayo. Sasa sikilizeni majibu. "Umeme wa kwako una shida." "Ulitakiwa uweke stabilaiza." "Sisi hapa iliwaka, shahidi wewe mwenyewe." Na kijana mmoja pembeni, umri wa mdogo wangu wa mwisho, ananiambia, "Mzee hizi mashine zinataka mtu anayejua." Ukutani kuna bango la mali ikishauzwa hairudishwi, wananionesha kwa kidole kana kwamba ni aya ya Katiba.

Fundi wangu ndiye aliyemaliza ubishi. Nyuma ya mashine kulikuwa na stika kubwa ya duka, "WARANTI MWEZI 1, USIBANDUE". Akaibandua. Chini yake kuna bamba la kiwandani: AC 120V 60Hz. Mashine ya soko la Marekani. Akafuata waya wa umeme, akakuta plagi ya pini tatu imefungwa kwa skrubu kwenye waya wenye nyuzi mbili tu. Plagi ya asili, ile ya Kimarekani yenye pini mbili bapa, ilishakatwa. Umeme wa Dubai ni kama wetu, na plagi yao ni hii hii yetu. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya Dubai ingekatwa waya kwa sababu gani? Imepita Dubai tu kwenye kontena, basi. Mimi mwenyewe nimepita Dubai mara kadhaa na sijawa Mwarabu.

Mtauliza dukani iliwakaje. Nimerudi na jamaa yangu ambaye hawamjui, akajifanya mteja. Ekstensheni ya kujaribia inazunguka nyuma ya shelfu, na huko kuna transfoma ya kushusha umeme imefichwa nyuma ya maboksi matupu ya TV. Amepiga picha. Kwa hiyo muuzaji hawezi kusema hakujua. Asiyejua hafichi transfoma.

Kwa faida ya wanaosema "labda ingevumilia": haivumilii. Transfoma iliyosukwa kwa volti 120 ukiipa 230, chuma chake kinashindwa kubeba sumaku yote hiyo, mkondo unapanda kupita kiasi, waya wa kopa ndani unaungua, na upande wa pili umeme unatoka karibu mara mbili ya kawaida kuelekea kwenye kapasita na transista za kutoa sauti. Yangu imeungua transfoma, kapasita moja kubwa imevimba kichwa, na fundi bado hajajua hali ya bodi ya HDMI. Fyuzi ilikatika, ndiyo, ila ilishachelewa. Za soko la Japani ni mbaya zaidi, kule ni volti 100.

Kuna njia za kuwakamata hata kama bamba limefunikwa, na hizi hawazipendi. Washa redio ya FM ya hiyo risiva. Za Japani za zamani zinaanzia 76 MHz na kuishia 90, kwa hiyo hata stesheni nyingi za hapa mjini hutazipata. Za Marekani ukibonyeza kutafuta, namba inaruka kwa 0.2 badala ya 0.05 au 0.1, na AM inaruka kwa 10 badala ya 9. Hilo hawana stika ya kulifunika. Halafu mwambie muuzaji achomoe kwenye ekstensheni yake na achomeke kwenye soketi ya ukutani mbele yako. Uso wake ndio utakaokujibu.

Hayo ya volti. Sasa njooni kwenye wati, maana huku nako ni uongo mtupu.

Katika kuzunguka kabla ya kupigwa, kila duka nililoingia niliuliza nguvu ya mashine kwa kila spika. Majibu: "Wati elfu kumi bosi." "Hii elfu kumi na mbili, inatikisa nyumba." Ndugu zangu, wati elfu kumi kwenye umeme wa volti 230 ni zaidi ya ampea 43. Soketi yako ya ukutani ni ya ampea 13! Ukigeuza mashine nyuma unakuta matumizi ya umeme yameandikwa wati 90. Nakubali namba ile ya nyuma si kipimo cha mwisho, muziki ukipanda ghafla mashine inaweza kuvuta zaidi kwa muda mfupi. Ila si mara mia. Hizo elfu kumi ni PMPO, namba isiyo na kanuni yoyote ya upimaji, kila kiwanda kinajiandikia kinachokipendeza. Wamarekani waliliona tatizo hili mapema, mwaka 1974 tume yao ya biashara ikaweka kanuni ya jinsi ya kutangaza nguvu ya amplifaya. Sisi 2020 na kitu bado tunauziwa elfu kumi.

Risiva ya heshima ya 5.1 au 7.2 ya kuanzia inaandikwa wati 70 au 80 kwa chaneli, tena kwa spika mbili zikipigwa kwa pamoja, kuanzia hezi 20 hadi hezi 20,000. Ukimwambia mtu wa Kariakoo "nataka wati 80" anakucheka. Wati 80 za kweli kwenye sebule zetu hizi za futi 12 kwa 14 mwenye nyumba anakupa notisi.

Kingine kilichonichefua ni vitu vinavyokosekana kwenye boksi. Risiva karibu zote za miaka ya karibuni zinakuja na maiki ndogo ya kupimia chumba. Unaiweka pale unapokaa, mashine inapiga sauti kutoka spika moja baada ya nyingine, inapima umbali na ukubwa wa sauti, inajirekebisha. Denon wanatumia Audyssey, Yamaha wanaita YPAO, Pioneer MCACC. Bila hiyo maiki umelipia kitu nusu, na ya kampuni moja huwezi kuichomeka kwenye mashine ya kampuni nyingine ukategemea vipimo sahihi. Nikamuuliza muuzaji, maiki iko wapi? Jibu lake, naapa: "Ile ya karaoke? Hiyo nakuuzia, elfu kumi na tano." Akanitolea maiki ya kuimbia.

Rimoti nayo ni ya kuungaunga, inawasha na kuongeza sauti tu. Menyu ya kuseti spika haifunguki. Sasa utasetije?

Na mafundi wa kufunga, msidhani nimewasahau. Dukani wanakupa "fundi wetu atakufungia bure". Jirani yangu alifungiwa na mmoja wao na anaamini ana sinema nyumbani, nikaenda kusikiliza. Kwanza, spika zote tano zimepangwa mstari mmoja chini ya TV, eti waya haukutosha. Za mbele zinatakiwa ziachane kwa pembe ya nyuzi 30 hivi kila upande kutoka pale unapokaa, na za nyuma ziwe pembeni, nyuma kidogo ya masikio, kwenye nyuzi 110 hivi. Hiyo ndiyo maana nzima ya 5.1! Pili, fundi ameiweka kwenye hali ya "All Channel Stereo" ili spika zote ziongee kwa pamoja na mteja aone kazi imefanyika. Matokeo yake mtangazaji wa taarifa ya habari anasikika mpaka mgongoni. Chaneli zetu nyingi zinarusha stereo tu. Ukitaka zisambae weka "Dolby Surround", yenyewe itaacha maneno katikati na kupeleka nyuma vile vinavyostahili kwenda nyuma.

Tatu, na hili ni hatari, amemuungia spika za homu thieta yake ya zamani iliyokufa. Zile spika ndogo nyingi ni za omu 3, na omu zikipungua spika inaivuta mashine mkondo mkubwa zaidi. Nyuma ya risiva pameandikwa waziwazi omu 6 mpaka 16. Jirani analalamika mashine inajizima yenyewe ikifika sauti ya kati, inaandika "protect". Fundi akamwambia ni joto, akamuuzia feni. Feni, wakuu!

Nne, spika moja ya mbele waya mwekundu na mweusi zimepishana, koni moja inatoka nje wakati nyingine inaingia ndani, besi inafutana hewani. Nilimwonesha kwa betri ya rimoti: gusisha waya wa spika kwenye betri sekunde moja, chanya kwa nyekundu, koni inatakiwa isogee mbele. Yake ilirudi nyuma. Tumegeuza, besi imerudi bila kuongeza hata senti. Fundi yeye alikuwa ameshamshauri anunue sabufa ya pili.

HDMI "ya dhahabu 8K" ya elfu themanini sitaisemea sana. Kwa kazi ya kurudisha sauti kutoka TV, yaani ile soketi iliyoandikwa ARC, waya wa kawaida wa elfu kumi unatosha. Anayehitaji ule mkubwa ni mwenye mashine ya gemu ya 4K kwa picha 120 kwa sekunde, na waya halisi wa kiwango hicho una lebo yenye kodi ya kuskani kwa simu. Wa kwenye maboksi yao nimeskani, hakuna kitu. Angalieni pia soketi yenyewe, maana TV inaweza kuwa na HDMI tatu na ARC ikawa moja tu, ukichomeka penginepo utazunguka na menyu mpaka alfajiri.

Kuna watakaokuja kuniambia "ungenunua mpya kwa wakala". Nimesikia. Mpya ya kuanzia huko ni zaidi ya mara mbili ya bei niliyolipa. Na haki ya kuambiwa ukweli haipatikani kwa mwenye hela ndefu tu. Used si kosa, wengi humu tuna used za volti 230 zinapiga kazi miaka. Kosa ni kufunika bamba kwa stika ya waranti halafu kutumia kubanduliwa kwa hiyo stika kukataa waranti. Fikirieni utaalamu uliotumika hapo.

Na wale wa "nunua transfoma ya kushusha utumie hivyo hivyo": sawa, kama ningeambiwa mapema ningejadili bei tukiwa wawili tunaojua. Transfoma ya kubeba risiva ya kweli si ile ya elfu thelathini ya kuchaji mashine ya kunyolea.

Risiti nayo ni sinema. Nilipodai ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikaambiwa bei inapanda kwa asilimia 18. Nikapewa ya mkono, imeandikwa "redio 1 used". Redio! Hata jina la kampuni hakuna, namba ya mashine hakuna.

Mwenye duka, najua una vijana humu wanasoma, kwa hiyo ujumbe utakufikia. Jina la duka sijaliandika kwa sababu mods watafuta uzi. Sauti yako ukisema "hiyo ni 220 mkuu" ninayo. Picha ya stika kabla na baada ya kubanduliwa ninayo, fundi alipiga kabla hajaigusa. Picha ya transfoma yako nyuma ya maboksi ya TV nayo ipo. Nataka laki saba na nusu yangu, au risiva ya volti 230 yenye maiki na rimoti yake, ichomekwe ukutani mbele yangu.

Wengine humu, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji na wanaoisimamia ni FCC, yaani Tume ya Ushindani. Aliyewahi kupeleka malalamiko pale kwa bidhaa used aniambie: risiti ya mkono waliikubali, au walitaka ya EFD? Na mashine yenyewe walitaka kuiona? Maana ni kilo kumi na kitu na nitaibeba kwa bodaboda.