Karatasi ya tathmini ya mwanangu ina miaka 11. Apimwe upya?

Mama Sudi, Tanga
Wakuu, habari za jioni. Sudi wangu ana usonji. Alipimwa akiwa na miaka 5, na karatasi yake nimeitembeza mpaka mikunjo imechanika, nimeibandika selotepu. Imeandikwa haongei, anakimbia kelele, hajizuii haja. Sasa ana 16. Kuongea bado, huonyesha picha kwenye simu. Lakini blenda ikilia hashtuki, anaoga mwenyewe, asubuhi namtuma vitumbua kwa jirani anarudi navyo (siku moja alivila njiani, ila hilo hata kaka yake hufanya). Chenji hajui. Ndevu zimeanza kuota na wembe hataki kuuona. Tena tangu abalehe, watu wakiwa wengi anajing'ata mkono, utotoni hakuwa hivyo. Juzi chuo kimoja cha ufundi kimenirudisha kwa karatasi hiyohiyo. Nimpeleke tena, au usonji ukishapimwa umepimwa?

Mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu
Mpeleke. Usonji anao maisha yake yote, lakini msaada anaohitaji hubadilika. Hata DSM-5, mwongozo wa Marekani wa 2013 wa kutambua hali kama usonji, wenye zile ngazi 3 za msaada anaohitaji mtu, unakiri kuwa hali hupanda na kushuka kwa wakati na mazingira. Karatasi yako ilimpima mtoto wa chekechea. Usiende mikono mitupu: wiki mbili andika anachofanya mwenyewe, anachofanya kwa kukumbushwa, na kisichowezekana kabisa. Kwenye chumba kigeni hatamwonyesha mtu habari za vitumbua.

Baba Neema
Mama Sudi, huko kujing'ata usikuite utundu. Wangu tulimgombeza wiki nzima, kumbe jino. Waulize na kifafa pia, kwa wenye usonji kinaweza kuanza wakati wa balehe.

Shangazi, Minnesota
Huku sheria inaitaka shule imtathmini upya angalau kila miaka 3, isipokuwa mzazi na shule wakikubaliana haina haja, na akifika darasa la 9 mpango wake wa masomo uguse kazi na maisha baada ya shule. Akishatoka shule sasa! Mpwa wangu ana 24, kila kitu mpaka nipige simu mimi.

Mtu mzima mwenye usonji
Sudi mwenyewe mmemuuliza?

Mama Sudi
Daftari nimeanza. Na nimemuuliza kwa picha habari ya ndevu. Wembe kausukuma, kidole kakiweka kwenye mashine ya kinyozi. Miezi minne tunagombana bafuni.