Gari linachemsha, fundi anabadilisha spea bila kupima chochote. Huu ni wizi

Wakuu, heshima kwenu.

Nina hasira na sitaificha. Toyota Kluger yangu, injini ya 2AZ-FE ile ya lita 2.4, imechemsha tena, na imechemsha baada ya gereji moja hapa Dar kunibadilishia karibu kila kinachogusa maji ndani ya gari. Gereji yenyewe siitaji kwa sasa kwa sababu nadai pesa zangu na bado tunavutana. Nataka mjue kazi ilivyofanyika, maana najua wapo wengi waliopitishwa njia hii hii mpaka wakauza gari kwa bei ya chuma chakavu.

Mshale wa joto ulianza kupanda taratibu. Wakasema rejeta imeziba. Sawa, rejeta ikawekwa nyingine. Mshale ukapanda. Wakasema wota pampu, ikabadilishwa. Ukapanda. Mfuniko wa rejeta, hosi ya juu, hosi ya chini, vyote vikapita kwenye bili. Kila mara naambiwa "bosi, tatizo limekwisha, njoo uchukue gari", na kila mara nalipa spea, nalipa ufundi, nalipa kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini. Hiyo kulanti yenyewe siku moja nimefungua mfuniko nikakuta maji matupu yenye chumvi, maji ya kisima pale pale gereji. Rejeta mpya, unaijazia maji ya chumvi!

Katika yote hayo hakuna aliyetoa kifaa cha kupimia. Wanashika hosi kwa mkono, wanatikisa kichwa, wanaandika orodha ya spea.

Halafu wakang'oa themostati. Nilipouliza, fundi akanijibu, "Bosi, hii ni ya nchi za baridi, Dar haina kazi." Wenye magari naomba mtulie hapa, kwa sababu uongo huu umeua injini nyingi sana. Themostati haikuwekwa kwa ajili ya theluji. Kazi yake ni kuiacha injini ifike joto lake la kazi, halafu kwenye nyuzijoto themanini na kitu ianze kufungua njia ya rejeta. Kwenye injini nyingi za Toyota ina sahani ya pili kwa chini. Themostati ikifunguka, sahani hiyo inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye pampu bila kupitia rejeta. Ukiing'oa, ile njia ya mkato inabaki wazi muda wote. Sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani kwa ndani, haioni rejeta kabisa. Mjini na mzigo mdogo utaona mshale umelala chini, utashangilia. Kompyuta nayo inaona injini ni ya baridi, inaongeza mafuta, unashangaa petroli inakwenda wapi. Ukipata mlima na abiria, linachemsha kuliko mwanzo.

Feni nayo wakaiunga dairekti, inazunguka toka unapowasha gari mpaka unapozima. Hapo ndipo nilipojua hawa watu hawatafuti ugonjwa. Maana dalili nilikuwa nimewaeleza wazi! Gari linalochemsha kwenye foleni ya Ubungo, likianza kukimbia linapoa, hilo ndilo la kutazama feni, rilei, sensa, au mapezi ya rejeta yaliyojaa uchafu. Langu lilikuwa kinyume. Foleni lilikuwa linastahimili. Chalinze, Morogoro, Mikumi, mshale umetulia katikati. Tukifika Ruaha Mbuyuni na kuanza kuupanda mlima Kitonga, mshale unaondoka. Hosi ya juu inakuwa ngumu kama jiwe, maji yanarushwa kwenye mtungi wa akiba mpaka yanamwagika. Gari linalochemsha likiwa na mzigo na likiwa linakimbia lina shida ya mzunguko wa maji, au lina moshi wa silinda unaoingia kwenye maji. Feni haihusiki. Hilo fundi anapaswa kulijua kabla hajashika spana.

Vipimo vyenyewe si vya maabara. Kuna pampu ya mkono inayofungwa kwenye mdomo wa rejeta injini ikiwa ya baridi. Unajaza presha sawa na iliyoandikwa kwenye mfuniko, unasubiri kama robo saa. Mshale wa pampu ukishuka, kuna mahali panavuja, unatafuta. Kuna ile dawa ya bluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta injini ikiwaka, ikigeuka njano ujue moshi wa silinda umo ndani ya maji. Mfuniko nao unapimwa kwa pampu hiyo hiyo, na si jambo dogo: maji yanayochemka kwa nyuzijoto 100 pale Feri, usawa wa bahari, ukiyaongezea presha ya bar 1 yanavumilia mpaka kama 120. Springi ya mfuniko ikilegea umepoteza nyuzijoto zote hizo. Vipimo vyote hivyo kwa pamoja havifiki bei ya wota pampu moja.

Mwisho wakasema gasketi ya hedi imeungua, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku (mwili wake). Kweli ilikuwa imeungua. Wakafungua, wakapeleka hedi ikachongwa, wakarudishia. Gari lilitulia kidogo, likaanza tena. Wakafungua tena, gasketi nyingine, nikalipa tena! Zimenitoka zaidi ya milioni mbili na hapo sijahesabu siku ambazo gari lilikuwa limelala gereji nami napanda bodaboda.

Aliyeona ugonjwa ni mzee mmoja fundi kule Iringa, baada ya Kitonga kunishinda. Hakubadilisha kitu. Alifunga pampu ya presha, akalala chini na tochi, akaniita, "Mwanangu, njoo uone." Nyuma ya injini, upande ule unaotazama kwenye ukuta wa chumba cha abiria, pale hedi inapokutana na bloku, palikuwa na michirizi myeupe ya maji yaliyokauka, na tone jipya likijikusanya taratibu juu yake. Tulipofungua, bolti za nyuma zilizunguka bila ugumu wowote. Moja ilitoka na nyuzi za bloku, yale meno yanayoshika bolti, aluminiamu imejisokota kwenye bolti. Tundu limebaki laini. Ukimulika tochi ndani huoni nyuzi.

Huu ugonjwa wa 2AZ-FE ni maarufu. Bloku yake ni ya aluminiamu, na za mwanzo nyuzi za bolti za hedi zilikuwa fupi, Toyota wenyewe baadaye wakazirefusha kutoka milimita 24 hadi 30. Nyuzi zikichomoka, hedi haibanwi tena upande huo, gasketi inaachia, moshi unaingia kwenye maji, gari linachemsha. Weka gasketi ya dhahabu, itaungua vilevile, kwa sababu hakuna kinachoishika. Dawa yake ni kutoboa matundu, kutengeneza nyuzi upya na kuweka bushi za chuma, ndipo urudishe hedi.

Sasa niambieni. Fundi aliyefunga hedi hiyo mara ya pili alizikazaje zile bolti? Zinakazwa kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa mpangilio, kuanzia katikati kwenda nje, halafu zinaongezwa digrii 90. Bolti isiyo na nyuzi haikubali hiyo digrii 90, inazunguka tu. Mkono wa fundi lazima uliisikia. Akanyamaza, akafunika, akanipa bili. Hili ndilo linaloniuma kuliko pesa, kwa sababu nilipakia watoto kwenye gari hilo nikapanda nao Kitonga, malori mbele na nyuma.

Nilipowapelekea bolti yenyewe wakasema eti mzee wa Iringa ndiye aliyeivunja. Nina picha za michirizi kabla hedi haijaguswa. Nataka warudishe pesa ya gasketi zote mbili na ufundi wake. Rejeta na pampu nitawaachia, Mungu anawaona. Wakikataa nafungua madai mahakamani na picha ninazo.

Wadau, mwenye uzoefu anisaidie mambo mawili. Kwanza, kuna aliyewahi kumdai fundi mahakama ya mwanzo akiwa na risiti za mkono tu, zisizo na mhuri? Ilikuwaje? Pili, natafuta karakana Dar au Morogoro inayoweka bushi za chuma kwenye bloku ya 2AZ bila kuishusha injini, na iwe na kiongozi cha kunyoosha drili ili matundu yasiende upande. Matundu yote 10 yafanywe, siyo yale ya nyuma tu. Ukiniletea ya koili za waya badala ya bushi usihangaike, mzee amezikataa kwa bolti za hedi na mimi namwamini.