Somo la mazingira na mifumo ya chakula: nianzie wapi?

Mwulizaji:
Ndugu wanajukwaa, nimekabidhiwa somo la mazingira na mifumo ya chakula katika idara ya jiografia. Kwa kuwa utafiti wangu ulihusu rutuba ya udongo, mihadhara mitatu ya mwanzo niliijaza ramani za udongo na za mvua. Jana mwanafunzi aliniuliza kwa nini watu hufa njaa mahali ambapo maghala yana nafaka, nami sikuwa na ramani ya kumjibu. Naomba ushauri.

Jibu la kwanza:
Mwalimu, swali hilo ndilo mlango wa somo lako. Mwaka 1981 mwanauchumi wa India, Amartya Sen, akichambua njaa ya mwaka 1943 huko Bengal, jimbo la India ya wakati wa ukoloni wa Waingereza, alitoa hoja kwamba upungufu wa mavuno pekee haukutosha kueleza vifo vile. Vibarua na wavuvi waliponzwa na bei ya mchele iliyopaa huku kipato chao kikishindwa kuifuata. Jiografia haipotei hapo. Utachora masoko, njia za usafirishaji, ujira na umiliki wa ardhi, na njaa itaonekana kwenye ramani hizo kabla haijaonekana kwenye ile ya mvua.

Jibu la pili:
Mimi huingia darasani na kipande cha mkate, nikawaomba wanafunzi wakifuatilie kinyumenyume: tanuri, kinu, meli, shamba la ngano, hadi mbolea ya naitrojeni, ambayo hutengenezwa kwa haidrojeni inayopatikana zaidi kutokana na gesi asilia. Wengi huanza wakiamini kwamba uharibifu mkubwa wa mazingira umo katika umbali wa safari, ilhali kwa vyakula vingi sehemu kubwa ya gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto la dunia, hutoka shambani kwenyewe.

Jibu la tatu:
Nakubaliana nao, ila usiuache udongo wako, maana ndipo ulipo ujuzi wako. Naitrojeni isiyotwaliwa na mimea husombwa hadi mitoni na baharini, mwani hustawi, kisha ukioza oksijeni huisha majini. Ghuba ya Mexico, karibu na mdomo wa mto Mississippi huko Marekani, hupatwa na hali hiyo kila kiangazi, na anayepoteza riziki ni mvuvi ambaye hakuwahi kununua mfuko mmoja wa mbolea.

Mwulizaji:
Ahsanteni sana. Wiki ijayo nitaibandika ramani ya udongo kando ya ramani ya bei za nafaka, na mwanafunzi yule nitamwomba awe wa kwanza kuzisoma.