Naomba ushauri: makala zangu zimechanganyika na za mtu mwingine

Wakuu, shikamooni, na rika langu habari za kazi. Mimi ni daktari. Natafiti saratani ya matiti na afya ya mifupa, hasa kwa akina mama waliokoma hedhi wanaotumia letrozoli, dawa inayoshusha estrojeni na kuiacha mifupa ikidhoofika. Nina makala 11 tu.

Nimeomba kupandishwa cheo. Kamati ikafungua ukurasa wangu wa Google Scholar, ikakuta makala 63, nyingine za udongo na mbolea! Kumbe kuna mtu tuna jina moja, na programu imetutia gunia moja. Nikaulizwa kama "nimejiongezea". Iliniuma, sifichi.

Zisizo zangu nimeshaziondoa. Kipimo cha h kimeporomoka kutoka 17 hadi 5, yaani makala 5 zilizonukuliwa angalau mara 5 kila moja. Sawa, ndicho kimo changu. Lakini Scopus, hifadhidata nyingine ya makala za utafiti, wananipa 4, maana wanahesabu majarida waliyoyasajili tu, na makala yangu ya asidi ya zoledroniki, dawa ya kulinda mifupa, ilitoka kwenye jarida la hapa nyumbani ambalo halimo.

Sasa kwenye barua kwa kamati niandike h ipi, 5 au 4? Na ORCID, ile namba ya tarakimu 16 ya kumtambulisha mtafiti, nikiifungua leo naweza kuingiza na makala za zamani? Mliowahi kuwaomba Scopus warekebishe wasifu, mlisubiri muda gani? Barua inatakiwa Ijumaa.