Modeli ya ukungu wa Newala inanipa namba hasi, na erosoli haionekani

KijanaWaNewala
Wakuu habari za saa hizi, naombeni msaada, niko likizo nyumbani na projekti ya mwaka wa mwisho imenigomea. Mnaopajua Newala mnajua asubuhi ukungu unavyopanda toka bonde la Ruvuma mpaka mkorosho wa jirani huuoni, na kiangazi watu wanachoma mashamba, basi nikasema nitengeneze kimodeli cha Python, boksi moja tu, hewa na matone, nione gesi za moshi na za miti zinavyoingia kwenye maji zikageuka erosoli (vichembe vidogo vinavyoelea hewani). Nimeanza na glaioksali (gesi ndogo ya kaboni) na radikali ya OH inayoila. Sasa kwanza kompyuta inanipa konsentresheni hasi, jamani hasi ndo kitu gani? Pili glaioksali karibu yote inabaki hewani, erosoli naambulia sifuri. Konstanti ya Henry (gesi inavyopenda kuingia kwenye maji) nimeweka 5, hatua sekunde 1, natumia Euler, ile ya kuruka hatua kwa hatua.

MzeeWaSolva
Dogo Euler ndo inakuumiza. OH ndani ya tone haimalizi hata sekunde, glaioksali inaishi masaa, ukiruka sekunde nzima unapitiliza sifuri unatokea upande wa pili. Tumia solve_ivp ya SciPy, mbinu weka BDF inayomudu kasi tofauti hivyo, na atol (kosa unaloruhusu) ishushe sana, OH kwenye matone iko kama 1e-13 molari, ukiacha ile 1e-6 inayokuja nayo solva itaona OH haipo.

BintiLindi
Hiyo 5 ndo mchawi wako kaka. Hiyo ni ya glaioksali kavu kavu, lakini ikigusa maji inajishika nayo inakuwa haidreti (glaioksali iliyoungana na maji), kwa hiyo Henry unayotakiwa kuweka ni kama 4e5 molari kwa atm. Piga mwenyewe, H (ya Henry) mara RT (konstanti ya gesi mara joto) mara maji: 4e5 × 24.5 × 3e-7 (ukungu wa gramu 0.3 kwa mita ya ujazo) unapata kama 2.9, yaani 2.9 kwenye maji kwa kila 1 hewani, kama robo tatu ya glaioksali imeingia kwenye matone. Ukiweka 5 hata asilimia 0.004 haifiki, lazima uone sifuri.

Halafu usiku OH unaitoa wapi? Inategemea jua. Usiiweke kiwango kilekile tangu saa nane usiku, kazi kubwa inafanyika jua likishatoka na ukungu bado haujakauka.

mkorosho_na_salfa
Samahani mimi mkulima tu napita, ile salfa tunayopuliza kwenye mikorosho nayo si inaingia humo?

BintiLindi
Shikamoo mzee. Ile ni unga, haiyeyuki kwenye maji, ndo maana mnaiona imekaa kwenye majani. Salfeti ya mawinguni inatokana na gesi ya SO2 ikikutana na haidrojeni peroksaidi ndani ya tone, ile ya moshi wa mafuta na makaa.

mkorosho_na_salfa
Marahaba mwanangu. Basi kikohozi changu cha mwezi wa saba hakihusiani na mawingu 😂

KijanaWaNewala
Hasi zimeisha!! Asanteni sana. Ila sasa OH inaila glaioksali, inapita asidi glaioksiliki, inafika asidi oksaliki, halafu nayo inaliwa mpaka CO2. Nikiacha masaa mengi sibaki na kitu.

BintiLindi
Ukungu gani huo wa masaa mengi? Kausha matone saa mbili, saa tatu asubuhi, kinachobaki kwenye chembe ndo erosoli yako. Na weka amonia, asidi oksaliki ikiwa chumvi haitoroki kirahisi. Chembe ikinywea konsentresheni inapanda, glaioksali zinaanza kushikana zenyewe kwa zenyewe, hiyo ni mlolongo mwingine, usiuchanganye na wa kwenye ukungu.

Na kama kweli unataka moshi wa mashamba, glaioksali peke yake haitoshi. Weka gwaiakoli, fenoli ya kuni, hiyo kwenye maji na jua inageuka haraka na inaacha rangi ya kahawia.

KijanaWaNewala
Kumbe ndo maana maji ya bati asubuhi yanakuwaga kama chai?

MzeeWaSolva
Hayo ni kutu na majani dogo, panda ukafagie bati