Davis Cup bila nyumbani na ugenini: sisi wa madaraja ya chini tunapigania nini?

Mkaa Kirumba (mwanzisha mada)

Wadau, mwangaluka. Najua hapa kwetu Mwanza ukitaja tenisi mtu anakuuliza kama umepata hela za sangara ghafla. Nivumilieni kidogo.

Jumapili ya tarehe 23 Novemba 2025 niliegemeza simu kwenye chupa ya chai, nikaangalia fainali ya Davis Cup, lile kombe la tenisi la mataifa, Italia na Hispania, kule Bologna, Italia. Berrettini wa Italia alishammaliza Carreño Busta wa Hispania. Akaingia Mwitalia mwenzake Cobolli dhidi ya Munar, seti ya kwanza kapigwa 6-1. Nikasema huyu basi. Watu wa Bologna walikataa. Kila pointi aliyopata walimshangilia kama vile amefunga goli dakika ya tisini. Seti ya pili kaichukua kwa tai-breki (zile pointi za kuvunja sare ya 6-6), ya tatu 7-5, Italia wakabeba kombe mwaka wa tatu mfululizo, tena nyota wao Sinner mwenyewe hakuwepo. Siku mbili nyuma huyo huyo Cobolli alikuwa amemtoa Bergs wa Ubelgiji kwa tai-breki iliyofika 17-15.

Sasa jiulizeni: timu nane zilifika Bologna, ngapi zilikuwa nyumbani? Moja. Na ndiyo iliyobeba.

Kwa asiyejua, haya ni mashindano ya timu za mataifa kwa wanaume, yalianza 1900 Boston, Marekani ikicheza na Visiwa vya Uingereza, wazo la mwanafunzi wa Harvard anayeitwa Dwight Davis. Utamu wake kwa miongo mingi ulikuwa kwamba taifa linakwenda kwa taifa. Mwenyeji anachagua mji, anachagua na aina ya uwanja: udongo, nyasi au zege. Ijumaa mechi mbili za mmoja mmoja, Jumamosi wawili wawili, Jumapili mbili za mwisho. Mpaka Agosti 2018, Orlando, Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, likapiga kura na asilimia 71 na ushee wakakubali kulibadilisha. Kampuni ya Gerard Piqué, ndiyo, yule beki wa Barcelona, ikaahidi dola bilioni 3 kwa miaka 25. Kuanzia 2019 fainali zikahamia mji mmoja. Januari 2023 mkataba ukavunjika, hata miaka mitano haijatimia. Kuanzia 2025 wamerudisha raundi mbili za nyumbani na ugenini, ila nane bora bado ni mji mmoja.

Wazungu walilia sana. Hewitt wa Australia alilalamika hadharani kuona mwanasoka anaendesha tenisi. Lakini mimi kilio chao kinanichekesha, maana sisi Afrika, ukishuka daraja la tatu na la nne la kanda, ambako nchi zetu za pembe hii zimeishi miaka na miaka, nyumbani na ugenini hatuijui! Timu zinakusanywa mji mmoja, wiki moja, makundi, kila pambano mechi mbili za mmoja mmoja na moja ya wawili wawili, mmemaliza, kapandeni ndege. Walichofanyiwa wakubwa 2019 sisi tulishazoea zamani, na hakuna aliyeandika makala ya kutuombolezea.

Hoja yangu: kanda ya Afrika ivunje utaratibu huu. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi tutembeleane. Timu ya Uganda ije Mwanza icheze Ijumaa na Jumamosi, watoto wa Mabatini waone raketi inavyoshikwa. Nani anapinga, na kwa nini?

Kondakta wa Igoma

Mimi napinga kwa sababu sijaelewa. Hiyo tai-breki ya 17-15 ni mpira au ni mnada wa ng'ombe?

Mwalimu wa Butimba

Mkuu Kirumba, umeandika vizuri lakini umeruka hesabu muhimu. Ukicheza nyumbani na ugenini, ukifungwa umemaliza. Kijana wako amefanya mazoezi mwaka mzima, anacheza mechi mbili, anarudi kwao. Kwenye ile wiki moja ya mji mmoja timu inapata mapambano manne au matano dhidi ya nchi tofauti. Kwa nchi ambayo wachezaji wake hawapati mashindano ya kimataifa hata mara tatu kwa mwaka, hiyo wiki ni dhahabu. Nafundisha michezo shuleni, najua tofauti ya mtoto aliyecheza mechi tano na aliyecheza mbili.

Halafu gharama. Kuwa mwenyeji si kupaka chokaa kwenye mistari. Wanataka viwanja vya kiwango, mwamuzi mkuu wa nje, mipira mipya, hoteli, daktari. Chama kikiwa mwenyeji wa timu moja kwa siku mbili kinalipa karibu yale yale ambayo mji mmoja unalipa kwa timu kumi.

Na ukipanda kutoka daraja la tatu, unaingia mchujo wa kwenda Kundi la Dunia la Pili, ngazi inayofuata juu, na huko ni nyumbani au ugenini. Mlango upo. Tupande kwanza, ndipo tudai.

Bukoba Kahawa

Namuunga mkono mwalimu. Tusililie pilau wakati mchele haujanunuliwa.

Mkaa Kirumba

Mwalimu, hoja ya mechi tano nimeipokea, sikuifikiria vya kutosha. Ila hii ya "tupande kwanza" siikubali. Unapandaje kama hakuna mtu mjini kwako aliyewahi kuuona mchezo wenyewe? Pamba, timu yetu ya soka, ilipokaa nje ya Ligi Kuu miaka ile yote, watoto wa hapa walivaa jezi za nani? Simba na Yanga. Pamba iliporudi 2024, Yanga ikaja Kirumba, mtaa mzima ukafunga maduka. Mpira ule ule, runinga ile ile, lakini mtu akija kwako unabadilika. Hicho ndicho ninachokisema.

Kondakta wa Igoma

Hapo sasa nimekuelewa. Siku ile nauli ilipanda na hakuna aliyelalamika.

Mjukuu wa Bujora

Ngoja niwape mfano wa nyumbani. Sisi Wasukuma tuna Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma. Kwenye tamasha la Bulabo, mwezi wa sita, kule Kisesa, vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Mshindi anajulikana kwa kuangalia watu wamejaa upande gani. Ndiyo maana wanakuja na chatu, na fisi, na dawa, na vituko vya kila aina. Ukinichukulia ngoma ile ukaipeleka ukumbi wa hoteli mji wa mbali, ukaweka majaji watatu na kadi za alama, wachezaji ni wale wale na hatua ni zile zile, lakini umeiua. Davis Cup nayo ilikuwa ngoma ya namna hiyo. Umati ulikuwa mchezaji.

Nilisoma kuhusu fainali ya 2014, Ufaransa na Uswisi, Lille. Walichukua uwanja wa mpira wa miguu, wakamwaga udongo mwekundu ndani, siku ya mwisho wakaingia watu 27,448. Kwa tenisi!

Mwalimu wa Butimba

Malizia hadithi, mjukuu. Ufaransa walichagua udongo kusudi kumsumbua Federer, nyota wa Uswisi, umati wote ni wao, na bado Uswisi wakashinda 3-1. Umati haurudishi sevu, ule mpira wa kuanzisha pointi.

Mjukuu wa Bujora

Haha. Hapo umenikamata. Lakini Waswisi wenyewe watakumbuka ushindi wa Lille kuliko wangeshinda ukumbi mtupu. Kule Málaga, Hispania, fainali za mji mmoja zilipokuwa huko, siku ambazo Hispania haichezi viti vilikuwa vinapumua.

Mama Watatu Nyegezi

Habari zenu kaka zangu. Mnabishana uwanja uwe wapi, mimi nauliza mtoto wangu wa kike atacheza wapi. Wanawake wana kombe lao la mataifa, lile lililobadilishwa jina 2020 kuwa Billie Jean King Cup, na hakuna hata mmoja wenu aliyelitaja mpaka sasa. Msichana wa Kenya, Angella Okutoyi, alibeba taji la vijana la wawili wawili Wimbledon mwaka 2022, Mkenya wa kwanza kupata taji la vijana la Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi. 2024 akachukua dhahabu ya Michezo ya Afrika kule Accra. Hakungoja mtu aje kucheza mtaani kwao. Alipata koti la tenisi, kocha na mashindano ya vijana.

Hela ya kuleta timu ya Uganda hapa siku mbili, nipeni mimi ninunue raketi na mipira kwa shule tatu za Nyegezi.

Bukoba Kahawa

Dada umemaliza mjadala.

Mkaa Kirumba

Dada Nyegezi, samahani, ni kweli tumewasahau na hilo ni kosa langu mimi mwenye mada. Ila hajaumaliza mjadala, Bukoba acha haraka. Hela hizo mbili hazitoki mfuko mmoja. Sehemu ya mapato ya Davis Cup inarudi kwa vyama vya nchi. Ile bilioni 3 iliuzwa kwetu kwa maneno hayo hayo, kwamba itakuza tenisi duniani. Tulichoambiwa ni: toeni nyumbani, mtapata fedha. Nyumbani kukaondoka, fedha nazo zikafia njiani mwaka 2023. Nani aliulizwa? Kura za ITF zina uzito tofauti. Wakubwa kama Marekani na Ufaransa wana kura 12 kila mmoja, wadogo wana moja, na wapo wanachama wasio na kura kabisa. Kwa hiyo hata tukikubaliana hapa wote ziwa zima, kutoka Musoma mpaka Kisumu, tutakuwa na kelele nyingi na kura chache.

Hili ndilo linaloniuma kuliko mambo ya Piqué.

Abiria wa Ukerewe

Nyie mnasema Afrika hatuwezi kuwa wenyeji. Februari 2000 Zimbabwe waliwaleta Wamarekani Harare. Nyota wao Agassi alikuja, McEnroe ndiye kapteni wao. Zimbabwe walikuwa na ndugu wawili wa familia moja, Byron na Wayne Black. Wakafungwa 3-2. Tatu kwa mbili! Marekani, wakati ule wenye makombe 31, walitoka Harare kwa tundu la sindano. Kwenye mpango wa mji mmoja pambano lile lingechezwa asubuhi ukumbi wa pembeni na lisingekumbukwa na mtu.

Na kama mnataka kucheka: nchi pekee ya Afrika iliyowahi kubeba Davis Cup ni Afrika Kusini, 1974, na fainali haikuchezwa. India walikataa kucheza nao kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Kombe likaenda bila mpira kupigwa. Sifa kwa India.

Mwalimu wa Butimba

Harare walikuwa na ukumbi. Sisi tuna nini? Mnakumbuka Kenya, Septemba 2024, mechi yao ya "nyumbani" ya kufuzu AFCON dhidi ya Zimbabwe waliichezea Namboole, Kampala, kwa sababu viwanja vyao havikukidhi. Hiyo ni soka, mchezo unaopendwa na kila mtu. Tenisi itakuwaje? Mtadai haki ya kuwa wenyeji, mkaguzi aje, aandike "hapana", mkacheze "nyumbani" kwenu Nairobi.

Mzee wa Mipira

Vijana, mimi si mwandishi, mjukuu ananiandikia. Miaka ya themanini niliokota mipira kwenye koti la kilabu kimoja hapa mjini, nisilitaje jina. Tulilipwa soda na senti kidogo. Wakicheza wakubwa, sisi tunakimbia. Wakiondoka jioni, tunabaki na raketi moja iliyokatika nyuzi tunapokezana. Nilijifunza kusevu kwa raketi yenye nyuzi nusu, ndiyo maana mpaka leo sevu yangu inakwenda kushoto.

Mwaka fulani ikaja timu kutoka ng'ambo ya ziwa kucheza kirafiki na watu wa kilabu. Siku mbili tu. Sikumbuki nani alishinda. Nakumbuka kijana wao mmoja, mweusi kama mimi, kavaa nyeupe tupu, anapiga bekhendi, ule mpigo wa mgongo wa mkono, kwa mkono mmoja. Mpaka siku ile nilidhani mchezo ule kazi yangu ni kuokota. Wiki iliyofuata tulichora mistari kwa majivu nyuma ya nyumba, neti ikawa wavu wa dagaa uliochakaa.

Sasa mwalimu anasema mechi tano ni bora kuliko mbili. Kwa anayecheza, sawa. Kwa anayeokota mipira?

Mwalimu wa Butimba

Shikamoo mzee. Hilo sina jibu lake la haraka.

Mama Watatu Nyegezi

Shikamoo baba. Na hilo koti bado lipo?

Mzee wa Mipira

Marahaba wanangu. Lipo. Zege limepasuka katikati, mmea umeota, na upande wa chini watu wanaanikia dagaa. Nguzo za neti zimesimama bado, zilichimbiwa na watu wanaojua kazi.

Kondakta wa Igoma

Kama ni hivyo tuwaleteni Waganda, lakini mpira ukidunda kwenye dagaa pointi ni ya nani?

Mkaa Kirumba

Mwenyeji. Ndiyo maana nadai nyumbani.

Nirudi kwa mwalimu. Napunguza madai yangu. Wiki ya mji mmoja ibaki, mechi tano zibaki. Ila kila nchi ya daraja la tatu na la nne ipewe angalau pambano moja la nyumbani kwa mwaka dhidi ya jirani, lihesabiwe pointi, hata kama ni mechi tatu siku moja. Na dada Nyegezi, wanaume na wanawake wacheze wikiendi hiyo hiyo, uwanja ule ule, gharama moja. Mtu wa Kampala anafika hapa kwa basi, hahitaji ndege. Je, hapo bado mnapinga?

Mwalimu wa Butimba

Kwa masharti hayo napinga nusu. Nusu iliyobaki ni huo ufa wa katikati ya zege. Mzee, upana wake unaingia mguu au kidole?

Mzee wa Mipira

Kidole. Njoo Jumamosi asubuhi upime, wenye dagaa huwa hawajaanika.