Mashine ya boti ikipata joto inakata silinda moja

Wakuu, nina mashine ya zamani ya farasi 40, tustroki, silinda mbili. Asubuhi navuta kamba mara mbili tu, inawaka safi. Nikitoka Kilindoni, Mafia, kama nusu saa, silinda ya juu inakufa. Nikichomoa plagi naikuta imelowa petroli. Plagi ni mpya. Jana tumerudi kwa tanga tukiwa watu wanne, pepo zimechafuka.

— Pole sana nahodha. Shuku koili, ile inayopeleka umeme wa cheche kwenye plagi; ikipata joto inakatika ndani. Kama ziko mbili, ya juu ipeleke chini. Ugonjwa ukihamia chini, umempata mwizi. Ukibaki juu, rudi kwenye sidiai (CDI, kile kiboksi kinachoziamuru koili zitoe cheche) na nyaya zake. Pima ikiwa bado ya moto, ikipoa itakudanganya.

— Na kofia ya plagi ifungue. Yangu ilikuwa na kutu ya kijani; nilikata waya sentimita moja, nikabana upya.

— Au waya wa kuzimia?

— Huo ungeua zote mbili, mkuu.

— Nimehamisha koili. Sasa inakufa ya chini! Shukrani sana, naagiza koili Dar leo hii.